Mtaa wa Samora unabomolewa huku sheria ikitazama tu

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha. Kila jengo la zamani la Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, linapozungushiwa mabati tunaambiwa kwamba hayo ni maendeleo, na anayethubutu kuuliza huonekana mchawi wa maendeleo hayo. Mimi leo nauliza.

Huu si uchochoro. Wajerumani waliuita Unter den Akazien kwa ajili ya miti ya akasia, Waingereza wakauita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ukawa Independence Avenue, na hatimaye ukapewa jina la Samora Machel, Rais wa Msumbiji aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1986. Katikati yake iliwahi kusimama sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wajerumani. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916, na mwaka 1927 wakamsimamisha yule Askari wa shaba tunayepita chini ya bunduki yake hadi leo, ambaye wazee wa mji wanamwita Bismini.

Kinachoniudhi zaidi ni sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, ilhali mji huu Sultani Majid wa Zanzibar aliuanzisha katika miaka hiyohiyo ya 1860! Maana yake ni kwamba hakuna jengo la Samora linalolindwa mpaka waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali, na kilichotangazwa kwa kalamu hufutwa kwa kalamu. Jengo la Salamander, kwenye kona ya Mtaa wa Mkwepu, limekwisha kwenda hivyo, nasi tukanyamaza.

Badala yake tunajengewa minara ya vioo isiyo na hata baraza la kumkinga mpita njia na jua la saa saba, na pembeni yake magari yameegeshwa mahali pa kutembea kwa miguu. (Wajerumani, kwa ukatili wao wote, angalau walipanda miti.)

Nataka mwaka huo wa 1863 uondolewe katika sheria, na kila kibali cha kubomoa kibandikwe hadharani kabla mabati hayajasimamishwa. Nani alipinga hili bungeni, na kwa hoja gani? Au halijawahi hata kupelekwa huko?