Naogopa kuzima kompyuta ya steshenari, niko peke yangu?

MamaPrinti:
Wakuu, habari za leo. Nina steshenari ndogo, mashine moja tu ya mezani, mtumba, RAM 4, diski ile ya zamani inayozunguka. Jioni nikifunga nazima skrini, CPU naiacha inanguruma mpaka asubuhi. Nimeibandika karatasi ya maki peni nyekundu: USIZIME.

Jamani si uvivu. Siku ikizimwa, asubuhi inaniamkia na skrini nyeusi, inataka nibonyeze F1, na tarehe imerudi 1 Januari 2009. Nikiingia intaneti naambiwa saa yangu iko nyuma, tovuti hazifunguki. Nahangaika na saa huku vijana wa kuomba mkopo wa chuo wamepanga foleni hadi kwa muuza chipsi.

Juzi mtoto wa dada alikuja kunisaidia kufagia, akachomoa waya ili achaji simu. Karatasi aliiona. Eti alidhani ni ya feni.

Sasa mashine imekuwa nzito. Nikibonyeza Word nafika hadi kuhesabu chenji ya mteja ndipo inafunguka. Mume wangu anasema niwe naizima. Nyie zenu mnazima?

Fundi_Bisibisi:
Pole dada. Hiyo ni betri ya saa imekufa. Ukifungua CPU utaiona kwenye mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani), ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Swali moja: ukizima, unazima na swichi ya ukutani?

MamaPrinti:
Nazima ndiyo. Fremu yenyewe ya mbao, naogopa moto.

Fundi_Bisibisi:
Basi jibu ni hilo. CPU ikizimwa lakini waya uko kwenye umeme, mazabodi inaendelea kupata umeme kidogo na saa inatembea. Ukikata ukutani, saa inabaki kuitegemea betri, na betri yako haina kitu. Badilisha hiyo, ni ya bei ndogo, hata kwenye maduka ya saa wanauza. Chomoa waya wa umeme kwanza. Ukishaiweka, washa, rekebisha tarehe mara moja, basi.

Book1_Mwenyewe:
Mimi betri yangu nzima na bado sizimi, mwezi wa pili sasa. Nina mafaili saba ya Excel hayajaseviwa, moja linaitwa Book1 tangu Ramadhani. Nikizima litaniuliza kama nalihifadhi, na mimi sikumbuki lina nini. Kwa hiyo nafunika laptopu tu, inalala, kesho tunaendelea.

Fundi_Bisibisi:
@Book1_Mwenyewe, siku betri ya laptopu itakapoisha ikiwa imelala ndipo utakumbuka lilikuwa na nini.

Mkongwe wa Windows:
Kuhusu uzito, MamaPrinti, usishangae ukiizima na ikawaka na uzito uleule. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu cha kuifanya iwake haraka: ukizima, mafaili yako na programu zinafungwa, ila kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski na kesho kinarudishwa kilivyokuwa. Ukiristati ndiyo inaanza upya kweli. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, bonyeza neno CPU, uangalie chini mashine imekaa macho siku ngapi. Mimi nilikuwa nazima kila jioni kwa nidhamu kabisa, nikakuta siku 26.

Ila ristati baada ya wateja kuondoka. Kama kuna masasisho yanasubiri, itakuweka.

MamaPrinti:
Mrejesho. Betri nimenunua kwa fundi saa, kaniwekea yeye mwenyewe, vumbi lililotoka humo ndani lingejaza kopo. Jana saa mbili usiku nimeristati, ikakaa kwenye asilimia 30 mpaka nikafunga hesabu za siku nzima. Halafu nikazima, na ukutani nikazima. Karatasi nimeibandua.

Asubuhi imewaka, hakuna F1, saa sawasawa, Word inafunguka kabla sijashika chenji.

Printa ndiyo inasema haipo. Nianzishe uzi mwingine au tuendelee humu humu?