Ana nyumba mbili Chuno lakini hatoki kwenye nyumba ya umma: tupeane uzoefu

Ligula_Chini
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita kwenye zile gorofa za umma hapa Mtwara mjini ambako nililelewa kwa mjomba. Nikaona jiko la mkaa kwenye ngazi na ndala za watoto zimepangwa mlangoni, nikakumbuka mengi.

Mwaka 2016 nilirudi kuomba chumba palepale, mimi na mke wangu mwalimu. Tukaandikishwa. Miaka minne kila tukienda tunajibiwa "hakuna aliyetoka". Na kweli hakuna aliyetoka! Chini kushoto kuna bwana namjua tangu nikiwa na kaptula. Ana nyumba mbili Chuno, zote kapangisha. Gari analaza nje chini ya mwarobaini, kalifunika turubai. Kodi anayolipa pale haifiki ninayolipa mimi kwa chumba na sebule Magomeni ya hapahapa Mtwara, choo nje.

Swali langu: mtu akishanyanyuka, atoke au abaki? Toeni yaliyowakuta. Majina ya watu na ya ofisi tuache.

Baba_Chekechea
Umenigusa penyewe. Niliandika jina nikiwa kapera. Nimeoa nikiwa kwenye orodha, mtoto kaanza chekechea bado niko kwenye orodha.

Shangani_Juu
Nimesoma nikasema nipite, nimeshindwa. Mimi ndiye huyo mnayemsema. Si huyo wa mwarobaini, lakini ni kama yeye.

Marehemu mama aliingia kwenye nyumba ya umma 1978, mtumishi wa kawaida. Enzi hizo mtu akipangiwa kazi Mtwara ndugu zake wanamlilia kama anakwenda vitani. Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni kivuko, na mvua ikikaza basi linalala porini siku tatu mnakula mihogo ya watu. Nyumba zilikuwa zinabembeleza wapangaji! Mama akakaa. Bati likitoboka, anapanda fundi kwa hela ya mama. Mabomba ya chuma yaliposhika kutu nikayang'oa mimi, nikaweka ya plastiki, nikapiga na vigae jikoni. Kodi hatujawahi kuruka mwezi, stakabadhi ninazo kwenye kopo la Kimbo mpaka leo.

Sasa nimesoma, nina kazi, nina kiwanja. Ndiyo mnaniambia nitoke? Mlikuwa wapi bati lilipokuwa linavuja?

Ligula_Chini
Dada Shangani, heshima yako. Lakini kiwanja unacho, si ujenge uhamie?

Shangani_Juu
Najenga. Umeshajenga wewe? Njoo nikupe bei ya nondo.

Nipa_Kidogo
Nondo zimetajwa, uzi umekolea 😂

Fundi_Bomba_Mikindani
Dada anasema kweli kuhusu mabomba. Nyumba nyingi za aina hiyo nimeingia kufanya kazi, na anayeniita ni mpangaji, anayenilipa ni mpangaji. Ila niseme na la pili. Nimeingia pia nyumba nikakuta aliyeniita si mpangaji, ni mpangaji wa mpangaji. Mwenye jina kwenye mkataba anaishi kwake, anakuja mwisho wa mwezi kuchukua hela. Huyo ndiye wa kutimuliwa. Anayeishi mwenyewe mwacheni.

Mtanda_Zamu_ya_Usiku
Fundi, hapo umenitonesha. Ngoja niwape yangu, ni ya Lindi.

2014 nilipangiwa kazi Lindi, muuguzi, ajira mpya, mshahara wa kwanza haujaingia. Dalali akanipeleka kwenye nyumba ya taasisi ya umma. Vyumba viwili, maji ndani, bahari unaiona ukisimama kwenye ndoo. Mwenyewe ni mzee wa makamo, mstaarabu, kofia ya kitambaa. Akaniambia kodi, mara tatu ya ile anayolipa yeye, jambo ambalo nilikuja kulijua baadaye. Nikalipa miezi sita kwa hela ya mkopo wa dada yangu. Akanipa na sharti: "Wakija wakaguzi, wewe ni mdogo wangu, baba mmoja mama mbalimbali. Basi."

Nikakaa miezi miwili raha mustarehe. Siku hiyo nimetoka zamu ya usiku, nimebandika wali wa nazi, nina mimba ya miezi saba, miguu imevimba kama mihogo. Hodi. Watu watatu, mmoja ana daftari. "Mwenye nyumba yupo?" Nikasema katoka. "Wewe nani?" Mdogo wake. "Baba mmoja?" Ndiyo. Yule wa daftari akatulia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na mzee hali yake?"

Nikasema: "Mzee alishatangulia mbele ya haki, tumezika Ruangwa."

Jamani. Nyuma yao alikuwa amesimama kibabu kimoja na mkongojo, kumbe wamekuja naye kuwaonyesha mlango. Akasema: "Mimi huyu?"

Baba_Chekechea
Mwe!!

Nipa_Kidogo
Umemzika mzee wa watu mbele yake 😭😭 Sina mbavu

Ligula_Chini
Ikawaje??

Mwera_wa_Mnazi
Hii ndiyo Lindi bwana. Mtwara hamna vituko hivi, nyie mna bandari tu.

Chikongola_Kwetu
Wewe Mwera tulia. Enzi za Mwingereza Lindi mlikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, yakahamia kwetu. Mpaka leo hamjasamehe.

Mwera_wa_Mnazi
Walihama kwa sababu ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Mwingereza, ambao ulifeli. Mkabaki na bandari ya karanga hewa 😂

Ligula_Chini
Watani, nendeni nje mkamalizie. Dada wa zamu, ikawaje?

Mzee_wa_Raha_Leo
Akiwa anavuta pumzi, mimi niweke jambo moja, maana naona vijana mnagombana juu ya vitu viwili mkidhani ni kimoja.

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, shabaha ikiwa mwananchi wa kipato cha chini apate nyumba ya maana badala ya kibanda. Hizo ni za kundi la kwanza. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, yale ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000, na akawekwa Msajili wa Majumba kuyasimamia. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Yale ya 1971 hayakujengwa kwa ajili ya masikini. Yalikuwa majumba ya wafanyabiashara, maduka chini na familia juu. Piteni mtaa wa maduka Lindi mtazame roshani zile. Sasa ukiniambia "tajiri atoke kwenye nyumba ya masikini", nitakuuliza kwanza: nyumba ipi?

La pili. Azimio la Arusha 1967 lilikuwa na miiko: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Ikalegezwa kule Zanzibar 1991. Leo mpangaji wa umma ndiye mwenye nyumba za kupangisha, na hata hatushangai.

Shangani_Juu
Shikamoo mzee. Umesema vizuri kuliko sisi wote.

Mzee_wa_Raha_Leo
Marahaba mwanangu. Ila wewe jenga uhame.

Nipa_Kidogo
😂😂😂

Yuko_Ulaya_Baridi
Wandugu, niko Vienna mwaka wa tisa. Huku jiji lenyewe lina nyumba za kupangisha kama 220,000. Kipato wanaangalia siku unayoingia tu. Ukishaingia, upate cheo, ununue gari, hakuna anayekuuliza. Wanasema wanataka daktari na mfagiaji wapande ngazi moja. Ngazi ninayoishi mimi iko hivyo kweli, na daktari ndiye anayetupigia kelele tukiacha baiskeli mlangoni.

Uingereza walitaka kinyume chake: familia yenye kipato zaidi ya pauni 31,000 kwa mwaka, au 40,000 kwa London, ilipe kodi inayokaribia ya soko. Ikapita kwenye sheria ya 2016, mwaka huohuo wakaacha kuilazimisha. Kule kulikuwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, Bob Crow, mshahara mnene, na aliishi nyumba ya halmashauri mpaka anafariki 2014. Magazeti yalimwandama, hakutoka. Ufaransa hawakimbilii kukutoa, wanakuongezea: ukivuka kiwango cha kipato kwa asilimia 20 unalipa nyongeza juu ya kodi.

Mimi naona ya Ufaransa ndiyo ya kwetu.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Kaka wa Ulaya, huko mtu ana karatasi ya mshahara. Huku utapima na nini?

Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba, ila familia iko mjini watoto wasome. Mnada ukishafanyika, hela ikaingia, njoo Desemba: pikipiki mpya, godoro jipya, mama watoto kavaa vitenge doti tatu, tunakula kuku. Utaandika "huyu tajiri, atoke". Rudi Aprili: pikipiki imeshauzwa, naomba pembejeo kwa mkopo, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa shule. Sasa mimi ni nani kwenye daftari lako? Na mwaka 2018 tulipogomea bei minadani, serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wapo waliosubiri malipo mpaka wakasahau hesabu. Huyo ungemwita tajiri au masikini? Mzigo anao, hela hana.

Fundi_Bomba_Mikindani
Hapo umenifunga mdomo.

Ligula_Chini
Sawa, lakini wa kwangu hana korosho. Ana nyumba mbili. Nyumba haina msimu.

Chikongola_Kwetu
Nyumba ina msimu. Muulize aliyejenga Mtwara akingoja watu wa gesi. 2012, 2013 watu wanapangisha Shangani kwa dola, mimi nikapewa notisi ya mwezi mmoja nipishe wageni. Wageni wakaondoka, mwenye nyumba akanipigia mwenyewe, "rudi mwanangu, na ile kodi ya zamani". Ningekuwa na nyumba ya umma wakati ule nisingetoka hata kwa winchi.

Mtanda_Zamu_ya_Usiku
Nimerudi, nilikuwa nalaza mtoto. Ndiyo huyohuyo wa kwenye mimba.

Hawakunigombeza. Yule wa daftari aliniambia epua wali usiungue, kisha toa vitu. Nikatoa. Kibabu ndiye aliyenisaidia kushusha sufuria, analia huku anacheka, ananiambia "wewe mtoto umeniombea dua angalau?" Mlango ukapigwa kufuli. Nikakaa barazani na begi, ndoo na wali wa moto. Simu ya mwenye kofia haipatikani. Kibabu akanipeleka kwake, nikakaa na familia yake mpaka nikajifungua.

Hela yangu? Mwenye kofia nilikuja kumbana msimu uliofuata. Akasema fedha hana, akanipa magunia mawili ya korosho.

Korosho_Daraja_la_Kwanza
Dada! Ukauzia wapi? Hiyo ni kangomba, korosho za magendo nje ya mnada!

Mtanda_Zamu_ya_Usiku
Sikuuza. Nilikaanga.

Baba_Chekechea
Magunia mawili ukakaanga yote?

Mtanda_Zamu_ya_Usiku
Nilikuwa nanyonyesha.

Nipa_Kidogo
Huu uzi uwekwe makumbusho.

Fundi_Bomba_Mikindani
Ushauri wangu kwa mwenye mada: kamripoti.

Shangani_Juu
Usimripoti. Ukimripoti atatoka, ataingia mtoto wa mkubwa, wewe utabaki na orodha yako.

Mzee_wa_Raha_Leo
Mfuateni kwa heshima, mumwombe awaachie. Mpelekeeni na pweza.

Ligula_Chini
Mzee, huyo ana friji mbili za pweza, anauza.

Baba_Chekechea
Nje ya mada kidogo. Anayejua chumba Ligula karibu na hospitali, maji ndani, bei ya kibinadamu, aniambie.

Nipa_Kidogo
Kipo. Ila wewe ni mdogo wangu, baba mmoja mama mbalimbali.