Tupeane uzoefu: dawa za kutuliza ukali wa mume au mke mwenye ugonjwa wa kusahau

Mke wa Mwalimu, Tanga

Assalaam aleikum, na habari za siku nyingi nyote. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalificha, kwa sababu si rahisi kwa mtu wa umri wangu kutamka kwamba anapigwa na mume aliyeishi naye miaka 46 bila kuinuliwa mkono hata siku moja.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu mwenye miaka 75, na huu ni mwaka wa nne tangu tuambiwe kwamba kusahau kwake si uzee bali ni ugonjwa wa Alzheimer. Kusahau tulikwisha kukuzoea. Ukali ulianza mwaka jana, nao huja na jioni: ikishaadhiniwa Magharibi huanza kutafuta kofia yake na kudai apelekwe kwao, na nikimwambia kwamba hapa ndipo kwake hunitazama kama mwizi aliyepitia dirishani. Mwezi wa Ramadhani nilimzuia mlangoni akanisokota mkono hadi kifundo kikavimba, nami nikawaambia wanangu kwamba niliteleza uani.

Hospitali tuliandikiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza, kidonge cha miligramu 5 kila usiku. Wiki ya kwanza alilala, nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili alianza kutembea kwa hatua fupi fupi, mikono imekakamaa, mate yanamdondoka, na kikombe cha chai kinamwagika kabla hakijafika mdomoni. Tuliporudi tukaongezewa benziheksoli ya kulegeza ule ukakamavu. Sasa mikono imelegea kidogo, lakini ukali umekuwa mara mbili ya ulivyokuwa, kitini hakai hata dakika tano, na usiku kucha anazunguka akigonga kuta. Nimeambiwa haloperidoli iwe kidonge kimoja na nusu. Jana nilikaa na wembe na sahani nikakigawa kidonge, kisha nusu ile nikairudisha kwenye bahasha bila kumpa.

Kwa waliopitia haya: mlipewa dawa gani, kwa kiasi gani, mliitumia muda gani, na je, yupo aliyefanikiwa kuiacha? Tafadhali tusitaje majina ya hospitali wala ya madaktari.

Mzee wa Machame

Pole sana, dada yangu. Mimi ni mwanamume na anayenipiga ni mke wangu, kwa hiyo utaelewa kwa nini nilikaa kimya mwaka mzima. Huku kwetu wilaya ya Hai ugonjwa huu si mgeni sana masikioni, kwa kuwa watafiti walipita vijijini miaka ya nyuma wakiwapima wazee, wakakuta kwamba kati ya wenye miaka 70 na kuendelea asilimia 6.4 walikuwa nao. Hata hivyo, mke wangu alipoanza, neno la kwanza lililosemwa katika ukoo ni kwamba amerogwa.

Tuliandikiwa dawa ya kutuliza, na karatasi yake bado ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Sikuinunua kwa sababu ambayo si ya busara hata kidogo: fedha za kahawa zilikuwa hazijalipwa. Katika kungoja, nilichukua daftari nikawa naandika kila aliponipiga, saa ngapi, na tulikuwa tunafanya nini dakika chache kabla ya hapo. Mwezi ulipoisha nilihesabu mara 19. Mara 14 zilikuwa ni wakati wa kumwogesha au kumbadilisha nguo, na karibu zote zilitokea nilipomwinua mkono wa kulia ili nimvue blauzi. Alikuwa akipiga kelele, "Unaniua!" nami nikidhani ni maneno ya ugonjwa, kumbe bega lilikuwa limekauka na kila nilipoliinua nilikuwa kweli namtesa. Neno "bega" lilikuwa limempotea, likabaki lile la kuuawa.

Mganga wa zahanati alimwangalia akampa paracetamoli kwa saa maalumu, si ya kungoja alalamike, na dozi moja nikawa naipanga nusu saa kabla ya kuoga. Mke wa mwanangu alimshonea magauni ya kufungua mbele, na kuoga tukakuhamishia saa sita mchana, maji yakiwa ya moto na jua likiwa uani. Mwezi uliofuata daftari lilikuwa na mara tano. Hizo tano bado zinauma, mwiko wa ugali si kitu chepesi, lakini naweza kuishi nazo. Sisemi kwamba dawa yenu haifai. Nasema tu kwamba ningekuwa na fedha siku ile, ningemlaza mke wangu na bega lake.

Bi Mkubwa, Leicester

Mimi ni mtu wa Unguja, ninaishi Uingereza tangu mwaka 1989. Mume wangu alipougua, Kiingereza alichokitumia kazini miaka 30 kilimtoka chote, akabaki na Kiswahili cha Mji Mkongwe. Kwenye kituo anachopelekwa mchana alikuwa akisema "nataka msalani" na hakuna aliyemwelewa. Wanamkalisha, naye anasimama, wanamkalisha tena, mwisho anapiga. Ripoti iliandikwa kwamba ni mkali bila sababu. Niliwaandikia maneno kumi ya Kiswahili kwenye kadi, na ugomvi wa kituoni ukaisha wiki ile ile.

Wa nyumbani haukuisha, na hapo ndipo dawa ilipoingia. Usiku aliniona mimi kuwa mwanamke aliyemficha mkewe, na siku aliyonibana koo nilikubali kwamba upole wangu hautoshi tena. Huku risperidoni imeidhinishwa kwa hali ya namna hii, yaani ukali usiokwisha kwa mwenye Alzheimer, pale njia nyingine zimeshindwa na kuna hatari ya mtu kuumia, tena kwa muda usiozidi wiki sita. Alianza na robo miligramu asubuhi na robo jioni, ikapandishwa taratibu hadi nusu na nusu. Kabla ya kuandika, daktari alituweka chini mimi na mwanangu akatueleza kwamba dawa hii huongeza uwezekano wa kiharusi na hata wa kifo kwa mgonjwa kama huyu, na kwamba haitamrudishia kumbukumbu wala kumzuia kutembeatembea. Kazi yake ni kupunguza ukali peke yake. Nilikasirika kwa kusomewa mambo yale. Baadaye nilishukuru, kwa sababu nilijua ninachokichagua.

Wiki ya tatu hivi makali yalipungua. Wiki ya sita tulianza kuishusha, nami nilikuwa nalala na simu mkononi nikingoja balaa lirudi. Lilirudi robo yake, basi. Hadi leo, miezi minane, hajapewa tena. Mwenzangu mmoja hapa alijaribu kuishusha ikashindikana, mumewe akarudishiwa, kwa hiyo msichukue yangu kuwa ndiyo kanuni.

Mama wa Kisauni

Nitasema kwa ufupi kwa kuwa bado naumia. Mume wangu aliona watoto wamekaa juu ya kabati, akiwaona wazi na kuwahesabu, na baadhi ya siku akili yake ilikuwa safi kabisa kiasi cha kukagua hesabu za duka. Majirani walisema ni majini. Tulisoma, tukanywa kombe. Usiku mmoja alichachamaa akapelekwa hospitali, akachomwa sindano ya haloperidoli. Siku nne hakuweza kumeza hata maji, mwili umekuwa mgumu kama mbao. Daktari wa mishipa ya fahamu tuliyempata baadaye Nairobi alituambia kwamba ugonjwa wake si Alzheimer, ni ule unaoitwa wa Lewy, aina nyingine ya ugonjwa wa kusahau, na kwamba wagonjwa wa aina hii dawa za namna ya haloperidoli zinaweza kuwadhuru vibaya sana, hata kuwaua. Alimwanzishia donepezili, dawa ya ugonjwa wa kusahau, na wale watoto wa kabatini wakapungua.

Dada wa Tanga, mweleze daktari kama mumeo anaona vitu visivyokuwepo, kama hupiga mateke usingizini, au kama alikuwa akitetemeka au kutembea kwa shida hata kabla ya dawa. Mimi niliyajua yote hayo, na hakuna aliyeniuliza.

Mfamasia Mstaafu

Nimefanya kazi nyuma ya dirisha la dawa zaidi ya miaka 30. Simwoni mgonjwa, kwa hiyo yachukueni haya kama maswali ya kumpelekea daktari, si maagizo yangu.

La kwanza ni kiasi. Mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, huanzishiwa haloperidoli kwa nusu miligramu au chini ya hapo, na kidonge cha miligramu 5 ni mara kumi ya kiasi hicho. Wembe hauwezi kukigawa kidonge kimoja mafungu kumi. Kwa hiyo lazima muulizie kidonge kidogo zaidi, dawa ya maji yenye matone, au dawa nyingine. Mara nyingi nimeona kosa hili likizaliwa na kabati la dawa kuliko na ujinga wa daktari: kilichopo ndicho kinachoandikwa.

La pili, ambalo limenifanya nisome ujumbe wa Bi Mke wa Mwalimu mara tatu, ni ile benziheksoli. Hulegeza ukakamavu, ni kweli, lakini huzuia ile kemikali ya ubongo ambayo mgonjwa wa Alzheimer tayari anayo kwa uhaba, na kwa mzee inaweza kumchanganya zaidi, kumfungia choo, na kumzuia mkojo. Klorofeniramini tunayompa mtu kwa mafua na amitriptilini anayopewa kwa usingizi nazo zina tabia hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, haloperidoli yenyewe inaweza kuleta hali ya mwili kutotulia, mtu akawa hawezi kukaa wala kulala. Nyumbani huonekana kama ukali umezidi, dawa ikaongezwa, na kutotulia kukaongezeka nayo. Nisingethubutu kusema kwamba ndivyo ilivyo kwa mwalimu, lakini kabla ya kufika kidonge kimoja na nusu swali hili lingejibiwa kwanza. Aangaliwe pia mkojo wake: unatoka kiasi gani, na tumbo la chini likoje. Wala msiziache dawa ghafla kwa kusoma haya. Zishushwe na aliyeziandika.

Kuhusu hatari aliyoitaja Bi Mkubwa, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hili la kutuliza, risperidoni ikiwemo, na mwaka 2008 ikaziongeza zile za zamani, haloperidoli ikiwemo. Katika majaribio ya takriban wiki 10, waliofariki kati ya wazee waliopewa dawa walikuwa kiasi cha asilimia 4.5, na kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 2.6. Hata breksipiprazoli, iliyoidhinishwa huko mwaka 2023 kwa wagonjwa wa Alzheimer wenye fadhaa, imebeba onyo lile lile. Na wanaokimbilia diazepamu wakidhani ni nyepesi, wajue kwamba mzee huanguka nayo usiku, na wengine huwageuka wakawa wakali zaidi.

Mzee wa Machame, daftari lako lina wenzake. Huko Norwei, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa wakazi wa nyumba za wazee dawa za maumivu kwa mpango, wengi paracetamoli tu, na fadhaa yao ikapungua kwa kiwango cha kuonekana.

Mke wa Askari

Naomba niulize linalonikera. Mume wangu hukataa kidonge, nami nakisaga kwenye uji wa ulezi. Anakunywa akinishukuru. Nani mwingine anafanya hivi, na mnalalaje?

Bi Mkubwa, Leicester

Niliwahi kufanya, mdogo wangu, na silali vizuri nikikumbuka. Mwambie daktari waziwazi, kwanza kwa sababu vidonge vingine havifai kusagwa, pili ili uamuzi usiwe wa kwako peke yako jikoni.

Mke wa Mwalimu, Tanga

Nimerudi baada ya wiki tatu. Niliyanakili maswali ya mfamasia kwenye karatasi nikaenda nayo, pamoja na bahasha zote za dawa, na kijana wangu mkubwa akaongozana nami. Daktari aliyetupokea safari hii alimgusa mwalimu tumbo la chini, naye akaruka na kumpiga mkono. Kibofu kilikuwa kimejaa. Aliwekewa mpira, ukatoka mkojo wa kujaza chupa na zaidi, nikamwona anafumba macho kama mtu aliyetuliwa gunia. Tezi dume imekuwa kubwa, na benziheksoli ilikuwa imemalizia kufunga mlango.

Benziheksoli imeondolewa na haloperidoli ikashushwa hadi ikaachwa. Siku tisa za katikati zilikuwa ngumu sana, sitazificha. Kijana wangu alihamia sebuleni na visu tulivifungia stoo. Sasa ukakamavu umepungua, anakaa kitini na redio yake. Ile hamu ya kwenda kwao bado ipo kila Magharibi, na mara mbili amenisukuma, kwa hiyo tumekubaliana na daktari aanze risperidoni robo miligramu jioni tu. Ameniuliza kama mzee huona chochote kisichokuwepo, nikamjibu hapana. Siku hizi pia simbishii tena kuhusu kwao: namvalisha kofia, tunatoka, tunazunguka msikiti, tunaingia kwa mlango wa uani.

Tarehe ya kurudi kupimwa na kuamua kama dawa ishushwe imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Zimebaki siku 31. Wanangu nimewaambia kweli kuhusu kile kifundo cha mkono.