Kinena kinauma baada ya miaka 3 ya prednisoloni

Swali
Nina ugonjwa wa baridi yabisi na nimemeza prednisoloni kwa miaka 3, sasa miligramu 10 kwa siku. Tangu miezi 2 iliyopita kinena cha kulia kinaniuma ninapokanyaga, na hata kuvaa soksi mguu huo kumekuwa kazi kwa sababu nyonga inagoma kugeuka. Eksirei haikuonyesha kitu, nikaambiwa ni msuli. Je, yawezekana dawa imegusa mfupa, na nikiiacha nitapona?

Jibu la kwanza
Pole sana, dada. Usiiache ghafla: baada ya muda wote huo tezi zilizo juu ya figo huwa zimezoea kutofanya kazi, na kukatisha dawa mara moja kunaweza kushusha shinikizo la damu hadi kuhatarisha maisha. Hilo la msuli halinitoshelezi. Steroidi, kundi la dawa ilimo prednisoloni, zinaweza kusababisha kichwa cha mfupa wa paja kikose damu na kufa polepole, na mwanzoni eksirei hutoka safi kabisa. Omba kipimo cha MRI (picha za ndani kwa kutumia sumaku) cha nyonga zote mbili, kwani mara nyingi ya pili huwa imeathirika kabla haijaanza kuuma. Kwa sasa tembea na bakora, uishike mkono wa kushoto.

Jibu la pili
Naongeza jambo ambalo watu hulichanganya na hilo: mifupa kuwa myepesi. Steroidi hudhoofisha seli zinazojenga mfupa na kupunguza kalsiamu inayofyonzwa tumboni, na upotevu huwa wa kasi zaidi miezi ya mwanzo. Pingili za mgongo ndizo hutangulia kuvunjika, nyingine bila maumivu. Mimi niligundua baada ya gauni langu la zamani kuanza kuburuta chini, kumbe nilikuwa nimefupika. Sasa natumia alendronati, dawa ya kuimarisha mifupa, miligramu 70 mara moja kwa wiki: asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha silali kwa dakika 30.

Muulizaji
Nashukuruni. Je, alendronati itaiponya nyonga pia?

Jibu la kwanza
Kwa nyonga iliyokosa damu, ushahidi wake si wa kutegemea. Kichwa cha mfupa kikiwa bado hakijabonyea, daktari wa upasuaji anaweza kukitoboa ili kupunguza shinikizo la ndani. Kikishabonyea, mara nyingi hubaki kuweka nyonga ya bandia. Ndiyo maana MRI isingoje.