Naomba ushauri: Anatomia kwa wiki 8 au kwa wiki 16?

Mwanzisha uzi (Dallas):
Habari zenu wanajukwaa. Ninahudumia wazee zamu ya usiku, saa 36 kwa wiki, na nina watoto wawili wa shule ya msingi. Naanza masomo ya maandalizi ya uuguzi katika chuo cha jamii hapa Texas, na nimepewa njia mbili: masomo manne kwa pamoja kwa wiki 16, au mawili kwa wiki 8 za kwanza na mawili kwa wiki 8 za mwisho. Umri unakwenda, hivyo moyo unavutwa na njia fupi, ila Anatomia inanitia hofu. Mliopita huko, naombeni mnieleze mlichokutana nacho.

Mchangiaji wa kwanza:
Pole na majukumu, dada. Hesabu saa kabla ya kuhesabu wiki. Somo la krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo) lina saa zipatazo 48 za darasani, nazo hazipungui muhula ukikatwa nusu; saa 3 za wiki huwa 6, na ukiongeza saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasa, somo moja linakula saa 18. Masomo mawili ni saa 36, sawasawa na zamu zako. Anatomia ina maabara, kwa hiyo inazidi hapo. Mimi niliichukua kwa wiki 8. Nilikata maboksi ya nafaka, nikaandika majina ya mifupa 8 ya kifundo cha mkono na kuyabandika juu ya sinki, lakini kabla hayajanikaa kichwani darasa lilikuwa limeshafika kwenye misuli. Kisha mwanangu akaugua wiki moja, na wiki moja huko ni mbili. Nikajiondoa, na alama ya W, yaani ya kujiondoa, imebaki kwenye matokeo yangu.

Mchangiaji wa pili:
Pole sana, ndugu yangu. Kwangu mimi wiki 8 ziliniokoa, kwa sababu masomo manne kwa mpigo yalinichanganya. Odessa College, humo humo Texas, ilianza kuhamia mihula ya wiki 8 mwaka 2014. Nilifeli Takwimu nusu ya kwanza, nikairudia nusu ya pili, na mwaka haukupotea. Ila uwe macho na msaada wa Pell, ule wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo: ukiacha masomo katikati unaweza kudaiwa sehemu ya fedha, na siku ya mwisho ya kuacha bila kuandikiwa W hufika upesi mno.

Mwanzisha uzi:
Ahsanteni sana. Usiku wa jana, wakati wa mapumziko, nilipanga saa zangu nyuma ya karatasi ya zamu, nikabaki na 31 kwa wiki za masomo. Anatomia nitaichukua kwa wiki 16; Uandishi wa Kiingereza utaingia wiki 8 za kwanza na Saikolojia za mwisho, hata kama sitafikisha krediti 12 za mwanafunzi wa muda wote. Na yale maboksi ya mifupa, dada, kama bado unayo, nayaomba.