Tupeane uzoefu: command-not-found ikigoma kwenye Ubuntu

Wakuu wa Chuga na Moshi, leo tuongelee command-not-found, kale kaprogramu ka Ubuntu (mfumo wa Linux) ambako ukiandika komandi isiyokuwepo kanakwambia weka pakeji (furushi la programu) fulani. Juzi nimeletewa laptopu hapa Sakina, ukikosea herufi tu badala ya ushauri inamwaga mistari kibao ya eror na mwisho inakuandikia No module named 'apt_pkg'. Kumbe kuna mtu alimwekea mteja Python (lugha ya kuandikia programu) mpya akageuza /usr/bin/python3 ielekee huko, sasa haka kaprogramu kenyewe ni ka Python na apt_pkg (kipande kinachoiwezesha Python kusoma taarifa za pakeji) imetengenezwa kwa toleo lililokuja na mfumo, ukibadilisha toleo haionekani tena. Wengi hapo wanakimbilia kufuta na kuweka upya python3-apt (pakeji yenye hiyo apt_pkg), hiyo ni kula bando bure maana inarudi ileile. Nimerudisha python3 kwenye toleo la mfumo ikatulia. Ukitaka Python mpya iite kwa jina lake kamili au fungua venv (mazingira ya Python yaliyotengwa na ya mfumo), ila ile python3 ya mfumo iache kama ilivyo. Nyie mmekutana na nini?

— Mkuu, mimi niko Kiborloni natumia Debian (Linux nyingine), huku haiji nayo, unaiweka mwenyewe. Ukishaweka piga sudo apt update ndo orodha ijae kule /var/lib/command-not-found, bila hivyo inalalamika haina databesi. Halafu funga teminali ufungue nyingine, kwa sababu bash (inayopokea komandi zako kwenye teminali) inaangalia kama ipo pale inapowaka tu, hapo ndo wengi wanasema imegoma kumbe haijasomwa. Na wa bando dogo wajipange, yale mafaili ya Contents (orodha ya vilivyomo kwenye kila pakeji) yanayoshushwa hapo ni mazito.

— Wa zsh (wanaoitumia badala ya bash) je? Mimi ilikuwa kimya kabisa mpaka nikaongeza source /etc/zsh_command_not_found kwenye .zshrc, faili la mipangilio ya zsh.

— Dogo wangu aliandika sl badala ya ls (komandi ya kuorodhesha mafaili), ikamwambia sudo apt install sl, kaprogramu ka utani kanakochora treni, naye akatii 😂 sasa kila akikosea treni inakatiza skrini nzima na Ctrl+C haisikii, bora hata ingekuwa inatoka Dar ishushe abiria Moshi.

— Kaka mimi mashine yangu ni nzee, nikikosea komandi nasubiri weee. Kuizima inakuwaje bila kuifuta?

— Mwisho wa .bashrc (faili la mipangilio ya bash) andika unset -f command_not_found_handle, fungua teminali mpya. Itakujibu command not found kavu.