Zimamoto na wengine wa uokoaji: mnafanyaje ujuzi usichuje kati ya kozi na kozi?

Bomba la Mkoani:
Habari za saa hizi wakuu. Niko zimamoto, nimetoka depo miaka kadhaa sasa. Kuvuta mipira na kuvaa mitungi ya hewa tunarudia mara kwa mara. Wasiwasi wangu ni huduma ya kwanza. Juzi tumemtoa kijana kwenye gari lililopinduka, paja linaruka damu, tukaanza kubishana: huyu anasema funga, yule anasema ukifunga mguu utaoza. Tulifunga, akafika hospitali akiwa hai. Kozi za kujikumbusha tunazisikia tu. Wenzetu mnajinoa vipi?

Nesi wa Dharura:
Hongereni mkuu, mlifanya sawasawa. Hilo la mguu kuoza limewaua wengi. Damu ya mguu au mkono ikiruka na kukandamiza hakusaidii, funga juu ya jeraha, yaani upande wa kuelekea kiwiliwili, si kwenye goti wala kiwiko, kaza mpaka ikome, kisha andika saa uliyofunga. Hiyo saa ndiyo inasahaulika, na sisi tunaompokea tunabaki kukisia. Iandike hata kwenye paji la uso.

Huwa nafundisha askari. Anakuja mtu na cheti cha CPR (kubonyeza kifua na kutoa pumzi kwa mtu ambaye moyo umesimama) ambacho hakijaisha muda, nikimwekea mdoli anabonyeza juu juu, dakika moja tu viwiko vimekunjika. Ukimuuliza anakujibu vizuri kabisa: sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mbadilishane kila dakika 2. Kichwani yamo, mikononi hayamo! Ujuzi huu huanza kushuka miezi michache baada ya kozi, kwa hiyo kungoja cheti kiishe baada ya miaka 2 ni kuchelewa. Tena mafunzo yenyewe hubadilika. Tangu 2010 mtu mzima aliyeanguka ghafla tunaanza na kifua, lakini aliyezama majini bado anaanza kupewa pumzi. Wangapi kituoni kwenu wanalijua hilo?

Nawasihi, kila mnapopokezana zamu tengeni dakika 10 kwa jambo moja tu. Mdoli ombeni chuo cha uuguzi kilicho jirani. Na waiteni bodaboda wa kijiwe cha karibu. Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona.

Trafiki Barabara Kuu:
Naunga mkono. Nasi tualikeni. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya 100. Sasa nikiwa na vijana wapya nawazoesha hivi: ukifika kwenye lori la mafuta, angalia kwanza upepo unatoka wapi, kaa upande huo, pikipiki zote zizimwe, watu warudi nyuma. Kupiga kelele pekee hakutoshi, lazima mjue nani anasimama wapi.

Bomba la Mkoani:
Nawashukuru sana. Mkuu wa zamu ameshakubali hizo dakika 10. Nesi, mikanda maalumu ya kuzuia damu hatuna, tufungie nini?

Nesi wa Dharura:
Kitambaa imara kilichokunjwa upana wa vidole vitatu. Zungusha, piga fundo, weka kijiti kigumu juu yake, piga fundo la pili, kisokote kijiti mpaka damu ikome, halafu kifunge kisirudi. Waya na kamba nyembamba hapana, zinakata nyama. Fanyeni mazoezi gizani pia.